Queimada: Brando Ambaye Wengi Hawajamwona

Ukimtaja Marlon Brando mbele ya wapenzi wa filamu, jibu unalijua kabla hujamaliza kuuliza: Don Vito Corleone, sauti ya kukwaruza, paka mapajani. Waliowatangulia kidogo kwa umri watakutajia On the Waterfront ya mwaka 1954, iliyompa Oscar yake ya kwanza. Wabishi watasema Apocalypse Now. Queimada haitajwi. Ikitajwa, inatupwa kwenye kapu moja na filamu za miaka ya sitini alizozifanya Brando akiwa ameshuka chati, kabla The Godfather haijamrudisha juu mwaka 1972.

Brando mwenyewe hakuikubali hesabu hiyo. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1994 alieleza kwamba uigizaji wake ulio bora kabisa, au sehemu yake kubwa, umo ndani ya Queimada. Nami namuunga mkono, tena bila kigugumizi. Filamu nyingine zilitumia haiba ya Brando kuuza tiketi. Hii peke yake iliigeuza haiba hiyo kuwa ndiyo mada: inakufanya umpende mtu, ucheke naye, umwamini, kisha inakuonyesha ulichokuwa unakishangilia. Kwa nini basi ikafichwa? Kisa chake kirefu, na kipande chake kimoja kinapita Dar es Salaam.

Mwongozaji wake ni Gillo Pontecorvo, aliyezaliwa Pisa, Italia, mwaka 1919, katika familia ya Kiyahudi yenye vichwa vikali. Kaka yake mmoja, Guido, alikuwa bingwa wa jenetiki. Mwingine, Bruno, alikuwa mwanafizikia wa nyuklia aliyehamia Umoja wa Kisovieti mwaka 1950 na kuzusha kizaazaa Ulaya nzima. Gillo alicheza tenisi, akawa mwandishi wa habari, na wakati wa Vita Kuu ya Pili akaingia katika mapambano ya chinichini dhidi ya Wafashisti kaskazini mwa Italia. Chama cha Kikomunisti alikihama mwaka 1956, vifaru vya Kisovieti vilipoingia Hungary, lakini imani yake juu ya wanyonge hakuihama. Alikuwa mtu wa kusitasita. Katika maisha yake yote alitengeneza filamu ndefu za hadithi tano tu. Ya tatu ilikuwa The Battle of Algiers ya mwaka 1966, juu ya vita vya Waaljeria vya kujikomboa. Ilichukua tuzo ya Simba wa Dhahabu kule Venice na ikazuiwa kuonyeshwa Ufaransa kwa miaka kadhaa. Filamu hiyo inasomwa vyuoni mpaka leo, na mwaka 2003 hata wakuu wa jeshi la Marekani waliionyesha Pentagon walipokwama Iraq. Ile iliyofuata, ya nne, ndiyo Queimada. Nani ameionyesha wapi?

Brando naye mwaka 1968 alikuwa na moyo mzito. Alikuwamo katika maandamano ya Washington ya mwaka 1963 ya kudai haki za Wamarekani weusi. Martin Luther King alipouawa tarehe 4 Aprili 1968, Brando alijitoa katika The Arrangement, filamu ya Elia Kazan, yule yule aliyempandisha jukwaani na kumfanya Brando awe Brando. Siku chache baadaye alionekana kwenye mazishi ya Bobby Hutton, kijana wa chama cha Black Panther aliyeuawa na polisi. Mtu aliyekuwa katika hali hiyo akaletewa mswada juu ya uasi wa watumwa, kutoka kwa mwongozaji wa filamu ya Algiers, mtu ambaye Brando alikuwa akimhusudu. Asingeweza kukataa.

Mswada uliandikwa na Franco Solinas na Giorgio Arlorio. Solinas ndiye aliyeandika The Battle of Algiers, lakini pia alikuwa na mkono katika filamu za kauboi za Kiitaliano zilizojaa siasa ndani. Mtayarishaji, Alberto Grimaldi, alitoka huko huko: ndiye aliyetoa fedha za The Good, the Bad and the Ugly. Mtunzi wa muziki, Ennio Morricone, hahitaji utambulisho. Kwa hiyo usidhani Queimada ni filamu ya wasomi wanaokaa gizani wakitafakari ukuta. Ina farasi, bunduki, wizi wa benki, kanivali na milima inayoungua. Ukiikata vipande viwili utakuta kipande kimoja ni cha kauboi na kingine ni mhadhara wa uchumi, na ajabu ni kwamba vimeshonwa vikashikana.

Kisa kinaanza karne ya 19 katika kisiwa cha kubuni cha Karibiani, chini ya Wareno. Jina lake, Queimada, maana yake ni iliyochomwa: zamani Wareno walikitia moto kisiwa kizima ili kuwamaliza wenyeji waliokataa kutawaliwa, kisha wakaleta Waafrika kuja kulima miwa kwenye majivu. Meli inatia nanga. Anashuka Sir William Walker, wakala wa siri wa Uingereza, nywele za dhahabu, skafu shingoni, tabasamu la mtu ambaye hajawahi kuharakishwa na yeyote. Gatini hamali Mwafrika anaitikia haraka, anauliza kama achukue mizigo ya bwana. Hamali huyo ni José Dolores.

Walker ametumwa kuwatoa Wareno ili biashara ya sukari iingie mikononi mwa Waingereza. Alitarajia kumkuta kiongozi wa waasi, Santiago, lakini amechelewa. Santiago ananyongwa kwa pete ya chuma shingoni, Walker akitazama. Itabidi amtengeneze kiongozi mwingine. Hapo ndipo uigizaji unaposhika kasi. Anamchukua José Dolores, anamtukana, anamchokoza makusudi, apime kama mtu huyu aliyezoea kuinama atainua mkono. Brando hapigi kelele katika sehemu hii. Anasubiri. Macho yake yanafanya kazi ya mnunuzi wa ng'ombe mnadani, huku mdomo ukiwa wa rafiki. Mara José anapoonyesha hasira, uso wa Walker unalegea kwa furaha, na wewe mtazamaji unafurahi pamoja naye, kwa sababu unadhani umeona mtu akizaliwa upya. Umeona mtu akiajiriwa.

Walker hamwambii habari za mapinduzi. Anamfundisha kuiba dhahabu ya benki. Baadaye anaeleza hesabu yake: angewaambia watumwa wale wapiganie uhuru, wasingemsikiliza, akawaambia waibe, wakamwelewa mara moja. Wakishaiba, askari wa Kireno wanawafuata. Wakishafuatwa, inabidi wapigane. Wakishapigana na kushinda, wamekuwa waasi bila kupitia darasa lolote. Wakati huo huo anawaendea matajiri wa miwa, wazungu na machotara wanaotaka kujitenga na Lisbon lakini wanaogopa watumwa wao. Hapo anatoa ile hotuba iliyowaudhi wengi mpaka leo. Anawauliza mabwana hao waliokaa na mvinyo mezani: kati ya mke na kahaba, yupi gharama yake ni kubwa? Mke unamlisha, unamvisha, unamtibu, unamzika. Kahaba unamlipa saa yake tu, basi. Sasa, anawaambia, mtumwa ni mke, na kibarua wa mshahara ni kahaba. Wanacheka. Wanaelewa. Wanakuwa wapinga utumwa siku hiyo hiyo.

Hotuba ni chafu, tena ya kudhalilisha wanawake, na imewekwa hivyo kwa makusudi: ndiyo lugha ya wale waliokaa pale. Lakini Solinas hakuibuni hesabu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1833 ya kukomesha utumwa katika makoloni yake ilitenga pauni milioni 20 za fidia, na zote zikaenda kwa wenye watumwa. Na msomaji wa pwani hahitaji kwenda Karibiani. Amri iliyotolewa Zanzibar tarehe 6 Aprili 1897, chini ya Sultani Hamoud bin Mohammed na kwa shinikizo la Waingereza, ilimruhusu mtumwa kwenda kudai uhuru wake, ikamlipa fidia bwana wake, kisha ikamtaka huyo aliyeachwa huru aonyeshe ana makazi ya kudumu na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Mikarafuu ilibidi ichumwe. Wengi walibaki kwenye mashamba yale yale, kwa masharti mengine. Walker angelipitia andiko lile na kuliwekea sahihi bila kubadilisha nukta.

Basi Wareno wanaondolewa. Gavana anapigwa risasi usiku wa kanivali na Teddy Sanchez, karani mwenye ndoto za uhuru, ambaye mkono wake unatetemeka mpaka Walker anausaidia. Sanchez anakuwa rais. José Dolores anaingia mjini akiwa juu ya farasi na jeshi lake la watu waliovaa chochote walichonacho, wakipita ufukweni, huku wimbo wa Morricone uitwao Abolição ukipanda, kinanda cha kanisani chini na sauti za watu wengi juu yake. Nimesikia watu wakisema ni muziki bora kuliko filamu yenyewe. Sikubali, ila naelewa kwa nini wanasema.

Ushindi haudumu. José Dolores anakaa kwenye kiti cha utawala na kugundua kwamba miwa imeiva, meli hazipo, wanunuzi ni wale wale, na hakuna kwenye jeshi lake anayejua kuandika mkataba wa mauzo. Anaweka silaha chini, anarudi shambani. Walker anaondoka kisiwani, wanaagana kama marafiki.

Miaka kumi baadaye kampuni ya sukari, ambayo sasa ndiyo yenye kisiwa, inamtafuta Walker London na kumkuta amezama katika ulevi na ngumi za baa. José Dolores ameingia tena msituni, na safari hii hana Mwingereza wa kumwongoza. Kampuni inataka aliyemwinua ndiye amwangushe. Walker anarudi na kufanya kile Wareno walichofanya zamani: anachoma vijiji, anachoma mashamba, anachoma kisiwa. Tofauti na Wareno, anajua vizuri anachofanya na anaweza kukieleza kwa ufasaha, na ndiyo maana Brando alihitajika. Mwigizaji mwingine angemfanya jambazi. Brando anamfanya mtu aliyechoka, mwenye akili, asiyeamini tena chochote lakini hawezi kuacha kazi anayoijua. Uso umenenepa kidogo, macho hayachangamki, skafu imefungwa ovyo. Anamwinda rafiki yake wa pekee na hajui afanye nini atakapompata.

Jina lenyewe la Walker lina kisogo chake. William Walker wa kweli alikuwa Mmarekani, mzaliwa wa Nashville, aliyekusanya mamluki, akaivamia Nikaragua, akajitangaza rais mwaka 1856 na kuurudisha utumwa uliokuwa umefutwa huko. Alipigwa risasi Honduras mwaka 1860. Waandishi walilichukua jina hilo wakambandika Mwingereza msomi. Hawakutaka mtazamaji wa Marekani apumzike akidhani hadithi haimhusu.

Sasa ile habari ya Wareno. Mwanzoni kisiwa kiliandikwa kuwa cha Wahispania, na filamu ikaitwa Quemada. Serikali ya Jenerali Franco ikapata habari na kuja juu. Kampuni ya Marekani iliyoisambaza, United Artists, ilikuwa na soko kubwa Hispania na haikutaka filamu zake zifungiwe huko. Suluhisho likapatikana kwa kubadilisha herufi chache: Quemada ikawa Queimada, Wahispania wakawa Wareno, ingawa Ureno haikuwahi kuwa na kisiwa cha namna hiyo Karibiani. Yaani walitafutwa wakoloni ambao kuwaudhi hakuna hasara.

Lakini wakati huo Wareno hawakuwa historia. Walikuwa Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji, wakipigana na watu waliotaka nchi zao. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, makao yake yalikuwa Dar es Salaam, na tarehe 3 Februari 1969 rais wake, Eduardo Mondlane, aliuawa Oysterbay kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi. Desemba ya mwaka huo huo Queimada ikatoka Italia, ikiwa na askari wa Kireno wanaopigana na watu weusi walioasi. Waliobadilisha bendera ili wasimkwaze Franco walijikuta wametengeneza, bila kupanga, filamu ya habari za siku hiyo. Katika orodha yote ya mambo ya kushangaza juu ya filamu hii, hili ndilo ambalo sijaona likizungumzwa ipasavyo, pengine kwa sababu waliozungumza walikuwa wakiitazama kutoka New York au Roma.

New York waliona Vietnam, na walikuwa na haki. Mauaji ya wanakijiji wa My Lai mikononi mwa wanajeshi wa Marekani yalifichuliwa Novemba 1969. Mwaka uliofuata filamu ikafika Marekani ikiwa na wanajeshi wanaochoma vibanda vya nyasi ili waasi wakose pa kujificha.

Nani angemcheza José Dolores? Wenye fedha walimtaka Sidney Poitier, na kibiashara hawakukosea. Mwaka 1967 alikuwa miongoni mwa nyota wakubwa kabisa Marekani. Pontecorvo akakataa. Katika The Battle of Algiers alitumia watu wa mitaani karibu wote, na alitaka uso ambao hakuna aliyewahi kuuona. Alimpata Kolombia, eneo la Cartagena: Evaristo Márquez, mfugaji, asiyejua kusoma, ambaye hajawahi kusimama mbele ya kamera.

Márquez alitoka San Basilio de Palenque, na hapo hadithi inakuwa nzito kuliko mswada. Palenque ni kijiji kilichoanzishwa na watumwa waliotoroka Cartagena, wakajijengea ngome mwituni. Kiongozi wao anayekumbukwa, Benkos Biohó, Wahispania walimnyonga mwaka 1621, lakini jumuiya za watoro hawakuzimaliza. Watu wa Palenque wanayo lugha yao mpaka leo, Kihispania kilichochanganyika na Kikongo, na ng'ombe aliowachunga Márquez huko waliitwa ngombe. UNESCO iliutambua utamaduni wa kijiji hicho mwaka 2005. Pontecorvo, akitafuta mtu wa kucheza mtumwa anayeasi, alimchukua mjukuu wa watumwa walioasi kweli na kushinda.

Haikuwa rahisi. Mtu hawezi kutolewa malishoni leo, kesho akasimama na Brando. Walirudia na kurudia, picha moja mara nyingi kiasi cha kuwachosha watu, huku Brando akimwonyesha Márquez lini ageuke, lini anyamaze, jinsi ya kuvuta pumzi kabla ya neno. Brando aliyekuwa na sifa ya kuwachosha waongozaji kwa vituko vyake akawa mwalimu. Na mwanafunzi alishika. Tazama sehemu za mwisho, José akiwa mfungwa juu ya farasi, mikono imefungwa. Walker anaongea, anajieleza, anatania, anaomba karibu. José hamjibu. Katika sehemu hizo mchungaji wa Palenque anamla Brando kwa kunyamaza tu, na Brando, kwa heshima yake, anakubali kuliwa.

Ila baina ya Brando na Pontecorvo mambo yaliharibika. Joto la Cartagena, walikopigia picha, lilikuwa kali, kazi ilichelewa, mwongozaji hakuridhika na chochote, na mwigizaji hakupenda kuchezeshwa kama kikaragosi. Kisha, kwa maelezo ya Brando mwenyewe, akagundua kwamba vibarua weusi waliocheza watumwa na askari walikuwa wakilipwa na kulishwa kwa kiwango cha chini kuliko wenzao wazungu. Katika filamu ya kupinga unyonyaji! Brando akazira. Mwishowe akaondoka Kolombia na kukataa kurudi, na timu nzima ikalazimika kuhamia Morocco kumalizia picha zilizobaki. Grimaldi akamfungulia mashtaka. Baadaye walipatana, na Grimaldi huyo huyo ndiye aliyetayarisha Last Tango in Paris, filamu ya Bernardo Bertolucci aliyoicheza Brando. Kuhusu Pontecorvo, Brando aliandika miaka mingi baadaye kwamba ukimwondoa Kazan na Bertolucci hakuna mwongozaji bora kuliko yeye aliyewahi kufanya naye kazi, na kwamba nusura wauane. Kauli zote mbili zinaonekana kwenye filamu.

Huko Italia filamu ilitoka ikiwa na dakika 132, na Pontecorvo akapewa tuzo ya David di Donatello ya mwongozaji bora. Huko Marekani ilitoka Oktoba 1970 ikiwa imekatwa mpaka dakika 112 na kubandikwa jina la Burn!. Dakika 20 ni nyingi. Zilizopotea ndizo zilizounganisha mambo, na ndiyo maana aliyeiona Burn! hulalamika kwamba watu wanaruka kutoka hali moja kwenda nyingine bila sababu. United Artists hawakuisukuma. Pauline Kael wa The New Yorker aliichukua kwa uzito uliostahili, wengi wengine wakaipita. Miaka miwili baadaye Brando akaingia The Godfather, na dunia ikaamua kuanza kumhesabu upya kuanzia hapo.

Adhabu ya mkato ule haijaisha. Ukitaka filamu nzima, unaipata kwa Kiitaliano, na Brando anasemewa na mtu mwingine. Ukitaka sauti ya Brando mwenyewe, ile lafudhi ya Kiingereza cha mabwana anayoichezea kama mtu anayeonja mvinyo, unaipata katika toleo lililokatwa. Hakuna pa kuvipata vyote viwili kwa ukamilifu. Mimi husema anza na ile fupi kwa ajili ya sauti, kisha tafuta ndefu.

Haina kasoro? Inazo, na anayeipigia debe akizificha anaiharibia. Sauti ya Márquez si yake. Imepachikwa, na pengine haikai sawa na midomo. Wanawake wamo kama kivuli: wanalia, wanacheza kanivali, wanazika, hawasemi. Nusu ya pili Walker anafafanua mno, kana kwamba Solinas alihofia tutalala. Na kuna lawama nzito zaidi, kwamba hii ni hadithi ya uasi wa Waafrika inayoonwa kwa macho ya mzungu, ambamo hata hasira ya mtumwa inawashwa na Mwingereza. Lawama hiyo ina ukweli kwa nusu ya kwanza. Nusu ya pili inaijibu, maana uasi wa pili hakuna Mwingereza aliyeuwasha, na ndio ambao Walker hawezi kuuzima mpaka achome kila kitu. Mwanahistoria Natalie Zemon Davis, katika kitabu chake juu ya watumwa kwenye filamu, aliiweka pamoja na Spartacus, Amistad na Beloved na kuipima kama kazi ya historia hasa. Edward Said, ambaye hakuwa mtu wa kutoa sifa ovyo, aliiona pamoja na ile ya Algiers kuwa kilele cha filamu za kisiasa.

Nirudi kwenye sehemu moja, ambayo kwangu inatosha kulipia tiketi. José Dolores anasubiri kunyongwa alfajiri. Walker anaingia hemani. Ameng'amua kwamba José akinyongwa atakuwa nembo, na nembo haifi. Kwa kampuni, msaliti aliyetoroka ana faida kuliko shahidi aliyekufa. Lakini hilo ni nusu tu ya sababu, na Brando anahakikisha unaiona nusu ya pili, ambayo Walker mwenyewe haisemi. Anamfungua kamba. Anamwonyesha njia. José haondoki. Anabaki palepale, anamtazama. Walker anauliza kwa nini, mara ya kwanza kwa hila, mara ya pili kwa hasira, mara ya tatu kama mtoto. Hajibiwi. Mtu aliyejua bei ya kila kitu kisiwani amekutana na kitu kisichouzwa, na uso wa Brando unaporomoka polepole bila chozi wala kelele. Ndani ya The Godfather hakuna dakika inayofikia hiyo. Nimeitazama The Godfather mara nyingi vya kutosha kusema hivyo.

Mwisho wa Walker sitausema, kwa wale ambao hawajaiona. Mwisho wa Márquez unajulikana: alicheza filamu chache nyingine, akarudi Palenque kwa mifugo yake, na akafariki mwaka 2013. Brando alitangulia mwaka 2004, Pontecorvo mwaka 2006.

Ombi langu nalielekeza kwa watu wa kazi, wale wanaozitafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili kwenye vibanda umiza vya Tanzania, na kwa DJ Afro na wenzake kule Kenya. Mmetutafsiria makauboi, wanajeshi wa Kihindi na mabingwa wa kungfu. Queimada ina farasi, ina benki inayoibwa, ina muziki wa Morricone, na ina hamali wa gatini anayemshinda bwana mkubwa bila kufungua kinywa. Itieni sauti. Watazamaji wa Temeke na Kisumu watamwelewa Walker upesi kuliko walivyomwelewa watazamaji wa Marekani mwaka 1970.